Tumbo Namba Kumi na Saba

Ini ndilo linalochelewa kupoa.
Nalimimina saa tisa alasiri, kabla giza la Kaunas
halijabandikwa dirishani, na hadi nimalize chai
lingali vuguvugu, linatetemeka kama uji ulioganda.
Kongosho lina kiburi: ukizidisha mafuta linateleza,
ukipunguza linakuwa kifutio cha mwanafunzi.
Rangi ya nyongo niliitafuta majuma matatu,
nikaipata kwenye soksi ya mwanangu.

Kabla ya hapa nilichonga vikaragosi vya jukwaani,
mbweha, mfalme, bibi kizee mwenye pua ndefu.
Karakana ikafungwa. Hospitali ikatangaza kazi:
anatakiwa mtu anayejua ngozi.

Damu ya kwanza ilikuwa maji ya bitiruti na wanga.
Ilinukia supu. Wanagenzi wakashikwa na njaa.
Profesa Rimvydas akasema, Danguolė, hapana,
mtu haogopi chakula chake cha mchana.

Basi nikapika nyingine, isiyo na harufu,
nikafunga pampu chini ya meza, mapigo sabini kwa dakika.
Kisu kikipotoka upana wa ukucha
yanapanda mia, mia na arobaini,
halafu kimya.
Mimi huwa nyuma ya ukuta, nafua glavu za jana.
Kimya kile nakijua.

Zamani kinyozi alijifunzia kichwa cha yatima.
Yatima wetu ni wa mpira, hawana shangazi wa kulalamika,
na ndiyo maana mkataba unasema:
mgonjwa wa wastani, miaka hamsini, bila alama.

Namba kumi na saba nilimpa alama.
Kovu la kidole tumbo, limepinda upande wa kushoto,
mshono wa daktari wa jeshi aliyekuwa na haraka zake.
Na chini ya kitovu, baka jeusi, kama punje ya dengu.
Mwenye baka hilo nililala ubavuni mwake miaka ishirini na sita.
Meza aliyofia ilikuwa ya kweli.
Aliyemkata alikuwa kijana, masikio mekundu,
alikuja kuniambia mwenyewe ukumbini
na nilimuona mikono, alikuwa ameiosha mno.
Ilikuwa mara yake ya kwanza? Ya tatu?
Sikuuliza. Wala sasa siulizi.

Jumanne akaingia Skaistė, viatu vimelowa theluji.
Alipasua vizuri. Alimuua dakika ya kumi na tisa.
Wenzake wakavua glavu, wakazungumzia basi la saa kumi na moja.
Yeye akabaki. Akalifunika lile baka kwa kidole gumba,
akainama, akasema neno.
Halikuwa pole. Pole tunampa yeyote aliyeumia,
hata aliyejikwaa mwenyewe barabarani.
Alisema samahani.

Nilitaka kufungua mlango nimwambie, binti,
ni kilo nne za mpira, kesho nambandua ngozi
nambandika nyingine.
Nikabaki na kitasa mkononi.

Alhamisi alimuua tena. Jumatatu, dakika ya thelathini na mbili.
Nilibadilisha ngozi mara sita,
na mara sita nikarudisha kovu, nikarudisha dengu,
kwa brashi ile ile ya nyusi za mbweha.
Profesa aliiona ankara. Akaliona na baka.
Akatia sahihi bila kuinua macho.

Mwezi wa tatu, barafu ya mto ilipoanza kupasuka,
pampu ilipiga sabini, themanini, tisini na tano,
ikasita,
ikarudi sabini.
Nilikuwa nimeuegemea ukuta kwa mgongo
na ukuta ulikuwa unapiga.

Walipoondoka nikaenda kumkagua.
Tumbo limefungwa. Mshono, sindano kumi na nne,
umepinda kidogo upande wa kushoto.
Kwenye fomu kuna kisanduku cha kasoro.
Nilikiacha kitupu, nikazima taa,
nikarudi kuichomoa pampu, maana nilisahau.